Viatu vya Upande Mmoja

Fundi viatu anayekaa mkabala na kibanda changu cha chapati, hapa Busia mpakani, huongea akiwa ameuma sindano, hata salamu humtoka pembeni mwa mdomo. Wanafunzi wa chuo wakiandamana kudai kura ya haki, polisi hurusha vitoa machozi, vijana hutimkia upande wa Uganda, naye hubaki akiokota viatu barabarani kimoja kimoja, akinung'unika kama mama aliyeachiwa vyombo. Huvishona, huvipaka rangi, huvitundika kwenye kamba. "Maandamano na soli kama hii? Hawa wazazi wao wako wapi?"

Juzi mchana askari kanzu, fulana ya mpira juu, buti za polisi chini, aliketi kwenye benchi lake kuwavizia wenye viatu vile wakija kuvichukua. Vijana walichungulia kutoka ng'ambo wakiwa na ndara za kuazima, wasithubutu kuvuka. Fundi akazitazama zile buti, akasikitika.

"Afande, hii buti iko na vumbi. Vua, mimi napaka bure."

Akavua. Fundi akazizamisha zote mbili kwenye karai la maji ya sabuni, akatoa sindano mdomoni, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake nzima.

"Watoto, kujeni! Lami iko moto na afande hana viatu!"