Wifi Anakawia Getini

Tangu nitoke hospitali sikuwa nikimwamini wifi yangu. Madaktari walikuwa wamekata kipande cha utumbo wangu na kutokeza ncha yake nje, upande wa kushoto wa tumbo, na juu yake wakabandika mfuko wa kupokea choo. Tuliojua tulikuwa mimi, mume wangu na huyo dada yake aliyekuja kuniuguza nyumbani kwetu Kibagabaga. Niliwaapisha wote wawili. Mume wangu hana maneno hata ya kujitetea mwenyewe. Wifi ni mfanyabiashara wa soko la Nyabugogo, mzaliwa wa Bujumbura, na mdomo wake sijawahi kuuona umefunga duka.

Wageni walikuja na maziwa na juisi, hasa wenzangu wa kwaya. Kabla hawajaingia, wifi alifungua madirisha yote. Kwa nini, kama hakuna harufu? Nilijinusa mpaka nikachoka. Kile kitundu cha tumboni nacho hakina adabu. Kililia katikati ya sala, nikakohoa kukifunika, wifi naye akakohoa. Kikohozi chake sikukipenda.

Hapa watu hukumbatiana, shavu upande huu, shavu upande ule, ndipo wanashikana mikono. Mimi sasa napewa mkono tu, tena wa mbali. Hata yule mama tunayeimba naye bega kwa bega, ambaye zamani alinikumbatia mpaka kitenge kikalegea, alinigusa vidole akaenda kukaa.

Kisha wifi akawasindikiza. Kumsindikiza mgeni ni heshima, sikatai, lakini yeye alikawia getini. Nilisimama nyuma ya pazia, mkono juu ya mfuko, nikawaona wananong'ona. Yule mama akatikisa kichwa, akageuka kutazama dirisha langu. Niliumia sana. Nilikubali kisu ili nirudi kuimba, na sasa niliapa kwaya hawanioni tena.

Wifi aliporudi nilimwambia amenianika mbele za watu. Aliweka trei mezani polepole. Tunaongea Kiswahili sisi wawili, mimi cha Tabora nilikokulia, yeye chake.

“Wifi, mimi siko nasema kitu,” alisema. “Wao ndio wako naniuliza wamekukosea nini. Wanakuja kukukumbatia, weye unatanguliza mkono, unarudi nyuma. Ile mama amelia pale kwa geti.”

Na madirisha, je? Akasema sebule ni ndogo, watu wengi, joto. Jibu lilikuwa tayari mno. Nikamwambia hivyo, na kwamba mimi sijamkimbia mtu yeyote.

Wifi alifungua mikono, akanijia kama mtu anayefika kutoka safari. Miguu yangu ilirudi nyuma yenyewe mpaka kisigino kikagonga kochi.

Nilitaka kusema nimejikwaa, lakini sakafu ilikuwa tupu.

Akanifuata pale pale nilipokwama, akanikumbatia, shavu huku, shavu kule. Mfuko ulikwaruza kati yetu, na kitundu kikalia. Nilikodolea pua yake macho, nikisubiri ikunjwe. Nilikuwa bado naikodolea aliponishika mkono kumalizia salamu, akaniuliza Jumapili nitavaa kitenge kipi.