Nilikwenda Jabe Kumpikia Dada

Dada yangu Mwamini aliolewa Bujumbura nikiwa bado msichana, na miaka yote hiyo hakuwahi kuniita. Yeye ndiye aliyekuwa akija kwetu Ujiji. Kwa hiyo mchuuzi wa vitenge alipofika nyumbani na kusema, "Dada yako ana sukari kama wewe, kidonda cha mguuni hakifungi, anaomba uje," sikuuliza habari za vita vya Burundi. Mume wangu na watoto waliuliza kwa niaba yangu, nami nikaendelea kufunga mzigo.

Nina kisukari tangu nilipojifungua mwanangu wa mwisho, na nyama sijaila tangu utotoni, hainikai tumboni. Nimezoea kuishi kwa maharage, mboga za majani, karanga na ugali kidogo. Dada alikuwa mla nyama hasa. Lakini vita vilipoanza aliona mambo mtaani kwao ambayo hajanisimulia mpaka leo, na tangu hapo harufu ya bucha humtapisha. Kila mtu alimwambia mgonjwa wa sukari asiyekula nyama hatapona. Akakata tamaa, akabaki na ugali wa muhogo na chai.

Asubuhi na mapema nilipanda gari la mizigo hadi Manyovu, mpakani. Upande wa pili askari alifungua mkoba wangu, akatoa kichupa cha vidonge, akakitikisa.

"Hii ni nini, mama?"

"Dawa ya sukari, mwanangu."

Alikirudisha polepole, kama mtu anayerudisha yai kiotani. "Mama yangu naye iko na sukari," alisema. "Pita."

Nyanza-Lac, mji wa kando ya ziwa, tulisubiri magari mengine yafike, kwa sababu hakuna dereva aliyethubutu kwenda peke yake. Nilitumia muda huo kula maharage niliyoyachemsha nyumbani. Kisha tukaondoka kwa msafara, askari mbele na nyuma. Ziwa lilikuwa kushoto kwetu, zuri kupita kiasi, lakini abiria wote tulitazama kulia, milimani walikojificha waasi. Tulipoipita Rumonge na michikichi yake ndipo mama mmoja akaanza kuimba kwa sauti ya chini, na wengine tukapumua.

Bujumbura tuliingia alasiri. Shemeji Ramadhani, mume wa dada, alinipokea stendi akiwa bado na ovaroli ya gereji, maana ni fundi wa magari. Alinichukulia mzigo, akawa ananiongoza Jabe, mtaani kwao, huku akisalimiana na nusu ya mtaa: "Ni mudogo wa bibi yangu, ametoka Ujiji!"

Dada alinikumbatia mlangoni. Alikuwa amekonda, na mguu mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa. Ndani, mkeka ulikuwa umejaa sahani.

"Shemegi, tumejua haukule nyama," Ramadhani alisema kwa fahari. "Angalia, nyama apana hata moja!"

Nilitazama. Wali, ndizi za kukaanga, ugali wa muhogo, viazi vitamu, na chai iliyokolea sukari. Nilicheka hadi machozi.

"Shemeji, umeifukuza nyama, ukaialika sukari na ndugu zake wote."

Kesho yake nilikwenda na dada sokoni Jabe, taratibu kwa sababu ya mguu. Maharage yalikuwa haba, kwa kuwa barabara za milimani zilikuwa hazipitiki, lakini lengalenga, mchicha wa kwao, zilikuwepo, na sombe, yaani majani ya muhogo, na karanga. Nyumbani nilimpakulia: mboga nusu ya sahani, maharage, ugali usiozidi ngumi yake.

"Hii ni chakula ya ndege," alisema.

"Kula, halafu utaniambia kama una njaa."

Sombe hutaka kutwangwa sana, na dada hakuweza kusimama. Ramadhani akashika mchi. Majirani walikuja kumcheka fundi mzima anayetwanga uani. Yeye akatwanga kwa nguvu zaidi. "Cheka tu! Mi nataka bibi yangu abakie na vidole vyote." Hapo ndipo nilipojua kuwa daktari alikuwa ametaja kukata kidole.

Tukaendelea hivyo wiki baada ya wiki. Nilisafisha kidonda kila asubuhi kama zahanati ilivyoelekeza. Chai tuliinywa bila sukari, dada akinung'unika mpaka akazoea.

Mchana mmoja nilikuwa nimekwisha kumeza kidonge changu kabla sijala, chungu kikiwa bado jikoni ng'ambo ya ua, milio ya bunduki ilipoanza karibu. Tulilala ukumbini, vichwa chini. Milio haikukoma. Mikono yangu ikaanza kutetemeka, lakini sote tulikuwa tunatetemeka, na katika nyumba kama hiyo nani angejua? Nilitaka kusema, ulimi ukawa mzito. Nilimsikia Ramadhani akisema, "Atulie, ni woga tu."

Kiganja cha dada kiligusa shingo yangu.

"Apana, si woga. Ameloa jasho, na iko baridi. Sukari imemushuka."

Kabla Ramadhani hajamshika, Mwamini alikuwa ameshatambaa hadi nje, akiburuta ule mguu. Alirudi na kopo la sukari ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelificha jikoni, akaikoroga kwenye maji na kuninywesha huku akinishika kidevu kama alivyokuwa akininywesha uji utotoni. "Kunywa, Hadija. Leo sukari ni dawa." Nguvu ziliporudi, jambo la kwanza nililosikia lilikuwa kilio chake.

Kabla sijarudi kwetu tulikwenda zahanati, mtaa wa Rohero. Daktari alikitazama kidonda muda mrefu, akakibonyeza kandokando, akasema kinakauka na kidole kitabaki. Ramadhani alimshukuru kwa Kirundi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

Njia ya kurudi ilikuwa ileile, na hofu ileile. Dada alinifungia sombe kwenye jani la mgomba.

Nilikwenda kumwonyesha dada kwamba mtu asiyekula nyama anaweza kuishi na kisukari, na hilo aliliona. Nililojifunza mimi ni kwamba sahani nzuri haitoshi kama wanaokuzunguka hawalijui jasho lako. Jioni niliyofika Ujiji niliwaketisha mume wangu na watoto, nikawaeleza nikianza kutetemeka wanishike wapi na wanipe nini. Mume wangu aliweka kiganja shingoni mwangu.

"Hapa?"

"Hapo hapo," nikamwambia.