Binti Aliyeitwa Baba

Kila mwaka wakubwa wa chuo huniuliza swali moja: hawa vijana wanaolipiwa na serikali kujifunza utafiti mapema, ni watoto wa nani? Na kila mwaka hujibu kwa uchungu uleule. Ni watoto wa walimu, wauguzi na wenye maduka ya hapa mjini, Mfaranyaki. Ufadhili ulianzishwa kwa ajili ya watoto wa wakulima, lakini wanaoupata ni wale ambao kwao kuna mtu mwingine wa kushika jembe.

Mwaka jana nilipata wa kujivunia. Alitoka kijijini Mpitimbi, mtoto wa mkulima wa mahindi, mzaliwa wa kwanza. Alikuwa anafuga dumuzi, wale wadudu wanaogeuza mahindi kuwa unga ghalani. Aliwaweka kwenye chupa za vioo zenye mahindi, nyingine akachanganya na majivu kama afanyavyo baba yake, kisha akahesabu waliokufa na waliosalia. Wenzake walimtania kwamba yeye ndiye mfugaji pekee anayefurahia mifugo yake ikifa. Alicheka kuliko wote. Nilimpenda, sifichi, na niliwachosha walimu wenzangu kwa kumsifu.

Mahindi yalipoanza kukauka shambani, baba yake alifariki. Binti alikwenda kuzika na hakurudi. Kanuni yetu ni kwamba asiyeonekana wiki mbili hupoteza nafasi. Niligombana ofisini, nami nikigombana nagombana kweli, hadi wakamwongezea muda mpaka Jumatatu. Jumamosi nilipanda bodaboda kwenda kumchukua.

Mama yake alinipokea, akanitandikia mkeka barazani. Nilimpa pole ya msiba, akaniambia wameshapoa, matanga yameanuliwa. Mtoto mdogo, wa miaka mitatu hivi, alitoka ndani akikimbilia uani.

"Baba, mgeni!" aliita.

Moyo uliniuma. Nilidhani mtoto hajaambiwa. Lakini aliyetoka uani, mikono imejaa vumbi la mahindi, alikuwa mwanafunzi wangu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Ndipo nilipoelewa. Kwao mtu akifa, siku ya kuanua matanga ukoo huchagua wa kurithi jina lake. Anayerithi jina hurithi na nafasi: marehemu alivyoitwa ndivyo atakavyoitwa yeye, na waliomtegemea marehemu watamtegemea yeye. Kwa kawaida hupewa mwanaume. Baba zake wakubwa walikuwa mbali, wadogo zake bado watoto, na baba mdogo aliyebaki ni mgonjwa. Basi wakamkalisha yeye kwenye mkeka, wakampa jina na jembe la baba yake. Ana miaka ishirini na mmoja.

Nilisema yote niliyokuja nayo. Kwamba muda umeongezwa, kwamba imebaki miezi michache tu, kwamba mtu kama yeye hatutampata tena. Mama yake alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mwalimu, mimi simzuii," alisema mwishoni. "Lakini mwulize mwenyewe. Baba yao akiondoka sasa, hawa wadogo nitawaambia nini mara ya pili?"

Nilikuwa na hasira, na mbaya zaidi sikuwa na wa kumkasirikia. Hakuna aliyemwonea binti yule. Walimheshimu, walimpa kikubwa kuliko vyote walivyokuwa navyo.

Binti alinisindikiza hadi njiani bodaboda iliponisubiri. Hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa nafuta macho na kusingizia vumbi.

"Nafasi yangu kuna anayeingoja?" aliuliza.

"Yupo."

"Wa wapi?"

"Wa mjini. Mama yake mwalimu."

Aliitikia kwa kichwa. Akakwangua vumbi kwenye kucha.

"Basi apewe zile chupa zangu, zitamfaa. Ila mwambie azioshe kwa maji ya moto kwanza, mwalimu. Mayai ya dumuzi yakibaki ndani, hesabu yake yote itaharibika."

Nilimwahidi nitaziosha mwenyewe. Nyuma yetu, kutoka uani, mtoto akaita tena, "Baba!" Akageuka, akaitika.