Mechi ya Mwezi Kumi na Tano

Ufuo wetu maji yakitoka hunuka tope la mikoko, mwani uliopigwa na jua, na pweza aliyeanikwa juu ya uzi na mtu ambaye hakuuliza jirani zake wanaonaje. Wageni wanaoshuka bandarini Mtangawanda na kuja kwetu kwa miguu hufunika pua wakifika hapo. Mimi nikiisikia ile harufu moyo hunidunda, maana kwangu si harufu ya tope. Ni harufu ya mpira. Hapo, kati ya kijiji chetu na kijiji cha jirani, palikuwa na uwanda wa mchanga mgumu, mpana, sawa kama sakafu, ambao bahari iliufunika na kuufunua kila siku. Ndio ulikuwa uwanja pekee wa maana upande ule wa kisiwa cha Pate, na skuli mbili za sekondari za serikali ziliugombania tangu kabla sijazaliwa: yetu, na ya wale wa upande wa pili wa mkono wa bahari, ambao sisi tuliwaita Ng'ambo. Jina lao halisi wanalijua wenyewe, mimi sitawasaidia kulitangaza.

Sheria zilikuwa chache na kila mtoto alizijua. Mechi ni moja tu kwa mwaka, wakati wa likizo ya mwezi wa nane. Atakayeshinda, uwanja ni wake mwaka mzima: alasiri zote, Ijumaa zote. Wakitoka sare, uwanja unabaki kwa aliyekuwa nao. Aliyeshindwa atafute pa kuchezea, na kwetu pa kuchezea palikuwa ni kule nyuma ya skuli, kwenye mawe ya matumbawe yanayochana nyayo kama wembe. Na mpira haukuisha kwa saa. Lile goli la upande wa bahari lilikuwa na nguzo mbili za boriti, na maji yakirudi, yakaizunguka nguzo mojawapo, basi, mechi imekwisha. Kila skuli ilimweka mtu wake mmoja hapo nguzoni kuangalia. Akiona maji yamezunguka, anyanyue mkono apige kelele, "Mai!" Kwetu maji ni mai, na neno hilo siku ile moja lilikuwa na nguvu kuliko firimbi ya refa.

Mwaka ninaousema nilikuwa kidato cha kwanza, na kaka yangu Shee alikuwa kidato cha nne na nahodha wa timu. Alikuwa hajawahi kucheza kwenye uwanda ule kama mwenyeji hata siku moja. Miaka yake yote ya skuli Ng'ambo walikuwa nao, na yeye alikuwa na makovu ya matumbawe kuanzia kisigino mpaka goti. Huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Nilimwambia mimi nitasimamia nguzo. Akasema, "Wewe Zuhura, kwa mdomo huo? Utatuletea vita." Nikamwambia kama kuna mtu mwingine kwetu ambaye sauti yake inafika mpaka Ng'ambo bila upepo, amlete. Hakumleta, kwa sababu hayuko.

Sasa sikilizeni kituko kilichotokea. Mechi ilipangwa kwa mwezi, kama siku zote: mwezi kumi na tano, bamvua, wakati bahari inaondoka mbali kabisa na uwanda wote unakauka. Lakini mwezi wenyewe mwaka ule ulikuwa umegombaniwa. Ng'ambo walianza kuhesabu waliposikia redioni kwamba umeonekana huko mbali. Sisi tulikuwa tumesimama ufuoni jioni ile ile na macho yetu, hatukuona kitu, tukaanza siku iliyofuata. Kwa hiyo kumi na tano yao ilikuwa kumi na nne yetu, na hakuna aliyekumbuka kuuliza. Ng'ambo walikuja siku yao, wamevaa jezi zao za kijani, wakakuta uwanda mtupu. Wakatia mpira kwenye goli letu lisilo na kipa, wakarudi kwao wakiimba. Kesho yake tukaja sisi. Hakuna mtu. Shee akaupiga mpira kwenye goli tupu la bahari, nasi tukarudi tukiimba vile vile, na sauti ya juu ilikuwa yangu. Nilipita nyumba kwa nyumba nikisema Ng'ambo wamekimbia, waongo wale, waoga, sisi tukishinda tunashinda kweli.

Siku ile ile, maji hayajarudi, timu zote mbili zikaja kufanya mazoezi kwenye uwanja mmoja. Kila upande ukamwambia mwenzake, "Tokeni kwetu." Wavulana wakashikana mashati. Mimi sikungoja waachanishwe. Nilivua viatu, nikakata kule mikokoni, nikaenda moja kwa moja mpaka barazani kwa Mjomba Athumani. Huyu ni kaka wa mama yangu hasa, baba mmoja mama mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa mpira wa Ng'ambo. Ndiyo, mama yangu ni wa huko. Mkosi huo nimezaliwa nao. Mjomba alikuwa anakunywa kahawa na binti yake Mwanaesha, wa rika langu, amekaa pembeni anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo Mjomba. Mmekimbia," nikamwambia, tope limenifika magotini.

"Marahaba mwanangu. Tumekimbia wapi, nasi tulikuja tukawangoja mpaka jua likatuchoma? Nyinyi mlikuwa mmelala."

"Basi njooni kesho."

Mjomba akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Kesho ya nani, mwanangu? Yenu au yetu?"

Mwanaesha naye akaangua kicheko, na mimi damu ikanipanda kichwani. Nikamwambia Mjomba mwezi wao wakae nao, na redio yao, na wetu tutakaa nao sisi. Lakini bahari je? Wana bahari yao ya redioni pia? Maji yakitoka Ng'ambo hayatoki kwetu? Kesho nguzo ya goli la bahari ikiwa kavu, sisi tutakuwa hapo. Asiyekuwapo ameshindwa, na asiniletee tarehe. Mjomba akaacha kucheka. Akanitazama, akamtazama mwanawe, akasema, "Mwanaesha, wewe utasimama nguzoni na huyu. Umtazame sana."

Wakaja. Tukaja. Bamvua ilikuwa imeanza kuvunjika, kwa hiyo uwanda haukukauka wote. Upande wa bahari ulibaki na vidimbwi, na kila mtu alijua mechi itakuwa fupi. Ng'ambo walifunga mapema, goli zuri, sitaki kulisifu zaidi ya hapo. Tukarudisha kwa kichwa. Baada ya hapo tukawakaba vibaya sana. Sare ilikuwa haitufai, sare ni uwanja wao, kwa hiyo watu wetu wote walipanda mbele, hata kipa, na Ng'ambo wakajazana golini kwao, goli la bahari, wakiupiga mpira popote ili maji yawahi. Nilikuwa nimechuchumaa nguzoni. Maji yalikuja kama yanavyokuja siku zote, bila kelele, ulimi mmoja mwembamba unaingia, unarudi, unaingia tena mbele kidogo. Mwanaesha alikuwa kasimama ameshika kichwa, anautazama mpira tu, akipiga kelele, "Toeni! Toeni nje!"

Shee akaupata mpira. Akampita mmoja, akampita wa pili, akapiga. Kipa akaruka, akakosa. Mpira ukatua kwenye kidimbwi mbele ya goli, ukapunguza mwendo, ukawa unaelea tu kuelekea mstarini kama nazi iliyodondoka. Na wakati huo huo, chini ya macho yangu, ule ulimi wa maji ukaizunguka nguzo, ukakutana wenyewe kwa wenyewe nyuma yake. Niliuona. Mwanaesha hakuuona. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeuona. Mpira ulikuwa bado haujafika.

Nikanyanyua mkono. "Mai!"

Watu huniuliza nilifikiria nini. Sikufikiria. Ningenyamaza, tungeupata uwanja, na ningekaa maisha yangu yote nimekalia jambo ambalo siwezi kulisema, na mimi kunyamaza sijui. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu nyumba kwa nyumba kwamba sisi hushinda kweli. Nilikuwa naipenda skuli yangu kiasi kwamba sikutaka ipewe kitu ambacho ningeona haya kukitetea. Mpira ukavuka mstari maneno yangu yamekwisha kutoka. Wetu wakashangilia, Ng'ambo wakashangilia, kisha wote wakanigeukia.

"Yamezunguka kabla," nikasema. "Tazameni."

Shee alikuja mpaka karibu yangu, maji yakimfika vifundoni, jasho linamtiririka. "Ungefumba mdomo siku moja tu, Zuhura," akasema polepole. "Siku moja." Kisha akaondoka. Afadhali angenipiga kibao. Mjomba Athumani akaja, akaniwekea mkono kichwani. "Mwanangu, hamia kwetu. Watu kama wewe tunawataka."

"Kwenu nakuja kula pilau ya arusi tu, Mjomba," nikamjibu huku nalia. "Na uwanja huo msiuzoee."

Nyumbani kaka yangu alikula akinipa mgongo, na njiani wavulana waliniita Mtoto wa Ng'ambo, nikapigana na wawili kati yao. Halafu asubuhi moja nikasikia mlio wa chuma juu ya jiwe nyuma ya skuli. Nilimkuta Shee peke yake kwenye yale matumbawe, na mtaimbo, anang'oa. Aliniona, akaendelea. Kisha akapumzika, akanisukumia mtaimbo bila kunitazama na kusema, "Anzia pale." Nikaanzia pale. Siku zilizofuata wakaja wengine, mpaka wale niliopigana nao. Tulibeba mawe kwa makanda na kwa punda wa jirani, tukaleta mchanga kutoka ufuoni, mikono ikatoka malengelenge, ikapasuka, tukafunga vitambaa tukaendelea. Likizo ilipokwisha tulikuwa na kipande kinachotosha nusu ya uwanja. Shee alimaliza skuli hajacheza juu ya uwanja wetu ukiwa mzima. Ulikamilika mwaka uliofuata, yeye tayari yuko Lamu anafanya kazi.

Siku hizi ule uwanda wa baharini hauchezwi. Mchanga umehama, miche ya mikoko imeota mpaka yalipokuwa magoli, na saa za maji kila mtu anazo kwenye simu yake. Mechi inachezwa kwetu, kwa saa na firimbi, na Ng'ambo huvuka kuja. Siku hizi kuna timu ya wasichana pia, huku na huko. Yetu naifundisha mimi. Hakuna aliyenifundisha, nimejifunza kwa kutazama video mpaka bando likaisha na kwa kukosea mbele ya watu. Ya Ng'ambo anaifundisha Mwanaesha, na ni lazima niseme anajua, maana ametufunga mara mbili mfululizo, hapa hapa, juu ya mchanga niliobeba kwa kichwa changu. Wasichana wangu wananiambia mambo yamekuwa rahisi sasa, zamani mlicheza na bahari. Nawaambia si kweli. Zamani nguzo ilikuwa na mtu wa huku na mtu wa huko, na neno la mtoto wa kike liliaminiwa na vijiji viwili. Leo refa mmoja, na tukishindwa tunamlaumu yeye mpaka tunafika nyumbani. Hilo nimelikataza kwenye timu yangu. Ijumaa tunacheza nao tena. Tumefanya mazoezi mpaka miguu imekataa viatu. Nimewaambia: tutawafunga, na tutawafunga goli ambalo Mwanaesha mwenyewe, akiwa amekasirika, atasema ni goli. Jingine lolote silitaki.