Kombi ya Papa Haikuwa na Magurudumu

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya godoro jipya hunirudisha mtaani kwetu Mapendo, ndani ya kombi ya Papa. Papa alikuwa fundi wa magari. Aling'oa viti vya nyuma, akaweka godoro, pazia la maua na sanduku la makaa, ili tusafiri kwenda milima ya Masisi kumwona mama yake, Koko wetu, tukilala ndani ya gari popote barabara itakapotushinda. Mimi na wadogo zangu tulilala humo mchana kutwa, tukisafiri bila kutoka uani.

Maana safari yenyewe haikuanza. Papa alikuwa na daftari lenye orodha: kamba, chumvi ya ng'ombe wa Koko, mahali pa kuteka maji, kituo cha kulala. Kila alipofuta jambo moja aliongeza mawili. Mama, ambaye angeweza kwenda harusini na unga mikononi, alimcheka.

"Mama yako hana lazima ya programe," alimwambia. "Tuende tu kesho. Bingine tutaviona mu njia."

"Haraka haraka haina baraka, Mama Furaha."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Papa Furaha."

Wala Papa hakukubali kumtumia Koko salamu za siku ya kufika. Alisema mtu hamtajii mama yake siku asiyo na hakika nayo. Kisha waasi wakaanza kuchukua magari ya watu, na Papa, kwa kupanga kwake, akayatoa magurudumu yote manne, akayaficha kwa rafiki yake aliyekaa mtaa wa Kituku, mbali na kwetu. Kombi ikabaki juu ya mawe, imejaa kila kitu. Alijisifu kwamba sasa hakuna wa kuichukua.

Mlima wa volkano ulio juu ya mji wetu ulipopasuka, moto ukashuka kuelekea mjini. Magurudumu yalikuwa Kituku. Papa alianza kukimbia kuyafuata, Mama akamshika shati mpaka vifungo vikakatika. Tulibeba watoto na sufuria moja, tukafuata umati kuelekea Sake. Niligeuka nikaliona pazia la maua kwenye dirisha la kombi. Nililia kwa ajili ya pazia lile, Mungu anisamehe.

Kutoka Sake tukaendelea kupanda milima ya Masisi, hatuna orodha, tukila tulichopewa na kulala tulipochoka. Vizuizi vya waasi barabarani, ambavyo Papa aliviogopa mwaka mzima, vilikuwa vitupu siku ile. Siku ya tatu tukafika kwa Koko.

Shangazi, dada yake Papa, alitoka nje, akatutazama, akaketi chini palepale. Koko alikuwa amezikwa wiki mbili kabla. Kwa sababu ya vita, habari haikuweza kushuka.

Shangazi akamletea Papa maziwa katika chombo cha mbao cha Koko. "Kila magaribi alikuwa anawawekea yenu," alisema. "Asubui anatupatia siye. Tukimucheka, anasema, 'Hawakunitumia siku, basi wanaweza fika leo.'"

Papa alikishika chombo kile kwa mikono miwili. Hakunywa. Nzi walikuja, Mama akawafukuza kwa kitenge chake.

Nilimkasirikia Papa miaka mingi. Niliamini alipenda daftari kuliko mama yake. Nilipopata watoto wangu na kuwapitisha mimi mwenyewe mbele ya watu wenye bunduki, ndipo nilipoielewa ile orodha. Alikuwa anaogopa, na hakuwa na mahali pengine pa kuiweka hofu yake.

Sasa ni muzee. Ukimwambia, "Papa, twende," hachukui hata maji. Anavaa kofia, anaketi kiti cha mbele cha gari, karibu nami, wala haulizi tunakwenda wapi.