Koti la Baba na Kuvu ya Friji

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumapili ya kumkumbuka marehemu baba, mkono wa kulia wa koti lake la kazi ya reli ulibaki mikononi mwa pasta, nami nikabaki mbele ya waumini nimevaa nusu koti. Mpaka leo nikipita karibu na kanisa letu la Shauri Moyo uso hunichoma.

Mama alikuwa ameomba jambo moja tu: alione koti lile la sufu likiingia kanisani mara moja tena, maana lilikuwa na harufu ya mafuta ya injini na peremende, ile tuliyoikimbilia watoto sote jioni baba akinawa kwenye mfereji wa ploti tuliyopanga. Kola ilikuwa na doa la yai. Dobi alitaka mia nne hamsini, na mimi nilikuwa nimesoma kwamba kuvu zinazoishi penye barafu hutoa vimeng'enya vinavyosaga uchafu hata ndani ya maji baridi, ndiyo maana watengenezaji sabuni huzitafuta, basi nikasema pesa ya nini, nikakuza kuvu ya friji juu ya maharagwe, nikachuja maji yake, nikajaribu kwanza kwenye kitambaa cha pamba chenye yai (mimi si mtu wa kubahatisha), yai likatoka lote, nikamwita jirani yangu Mutua, mchongaji vinyago, aje kushuhudia, kisha nikalowesha koti siku nne.

Sasa pasta akanishika mkono anipandishe jukwaani. Prrr!

Halafu Mutua, kutoka nyuma:

"Profesa, niaje? Kuvu imekula mzee?"

Kanisa likaangua kicheko, na ni hapo nilipoelewa: yai ni protini, pamba si protini, lakini sufu ni protini tupu. Kimeng'enya hakikujua doa linaishia wapi na baba anaanzia wapi.

Mama aliupokea ule mkono, akaunusa.

"Harufu imeenda," akasema. Kisha akanitazama. "Lakini wewe ni wake kabisa. Baba yako alichemsha betri za redio ya jirani zikapasuka, na hakuomba msamaha mpaka Krismasi. Wewe omba sasa."

Nikaomba.

Siku hizi siloweshi nguo kabla ya kuuliza kama ilitoka kwa mmea au kwa mnyama. Harufu ile sijaitia kwenye hesabu. Fundi wa Kariobangi alinishonea mkono mpya kwa elfu moja mia nane. Ukitoa zile za dobi nilizookoa, hasara yangu ni shilingi elfu moja mia tatu hamsini.