Mfupa Mmoja tu

Juzi hapa mtaani Area 18 mwanangu alitazama filamu ya dinosaria kwenye simu, akaniuliza mnyama aliyekufa zamani anarudije. Cherehani ilikuwa imenichosha. Nikamwambia harudi, nikaendelea kushona.

Filamu ya namna hiyo mimi niliiona utotoni, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mchana, katika kibanda cha video kilichonuka jasho na moshi wa jenereta. Aliyetutafsiria alikuwa yule yule mtafsiri wa mahubiri ya Jumapili, kwa sauti ile ile ya kanisani, basi nikaamini kila neno. Watu walipozidisha maswali alisimamisha picha.

"Banamurudisha namna gani, na alishakufa?" mama mmoja alipiga kelele.

"Banatumia mufupa," alijibu. "Ata moya inatosha."

Nilikimbia nyumbani nikimfikiria baba. Mama alikuwa akisonga nsima, ugali wa huku.

"Mama, turudi kwetu Fizi tuchimbe kaburi ya papa. Mufupa moya tu inatosha!"

Mwiko ulisimama. Mama hakucheka, wala hakunigombeza.

"Kula kwanza," alisema, akanipakulia nsima nyingi kuliko siku zote.

Nilidhani ananipa nguvu za safari.